Kurasa Nne kwenye Treni ya Haraka

Baba yangu alikuwa na bucha, na mimi nilikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, kwa hiyo mtaa mzima ulijua mrithi ni nani. Tatizo lilikuwa moja tu: nikiona damu, nazimia. Sisemi niliogopa. Nasema nilizimia, chali, mbele ya wateja. Mara ya kwanza baba alidhani nina njaa. Mara ya pili alidhani najifanya. Mara ya tatu nilimwangukia bwana mmoja aliyekuwa anachagua maini, tukaenda chini sote watatu, yeye, mimi na maini. Baba akajifuta mikono kwenye aproni, akaniambia kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake, "Mwanangu, katafute kazi isiyo na nyama."

Ndivyo nilivyoingia reli. Wenzangu wengi walipenda treni tangu utotoni. Mimi nilifukuzwa buchani.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa karani wa vifurushi pale stesheni. Akanipeleka kwa stesheni masta, mzee mfupi aliyevaa saa mbili, moja mkononi na nyingine mfukoni, na hakuiamini hata moja. Watu walimwita Mzee Dakika, lakini hawakuthubutu mbele yake.

"Unajua kusoma?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Saa je, unaijua?"

"Naijua, mzee."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikaitazama saa ya ukutani. "Saa tatu na robo, mzee."

"Saa tatu na dakika kumi na nne," akasema. "Lakini utajifunza."

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio, nikaanza kufagia jukwaa. Garimoshi likaingia. Nilikuwa nimeyaona kwa mbali maisha yangu yote, lakini sikuwa nimewahi kusimama hatua mbili kutoka kwenye kile kichwa cheusi chenye joto la tanuri. Mimi nikafagia kwa bidii ili dereva anione. Ghafla likaachia mvuke kwa chini, fyuuuuu, kama nyoka mwenye ukubwa wa nyumba. Nilipopata fahamu zangu nilikuwa ndani ya chumba cha kungojea wanawake, ufagio mkononi, na kina mama watatu wananitazama, mmoja wao akiwa anambadilisha mtoto nepi.

"Kuna nini?" akaniuliza.

"Nimekuja kukagua madirisha," nikajibu.

Na nikayakagua. Yote matatu, polepole, nikigonga vioo kwa kidole. Kwa mwaka mzima baada ya hapo, kioo kikivunjika popote pale stesheni, watu walikuja kuniambia mimi.

Stesheni yenyewe haikuwa kubwa. Kulikuwa na jukwaa moja refu, mabenchi manne, na tangi la maji lililosimama juu ya miguu ya chuma, na bomba lake la turubai likidondosha matone mwaka mzima. Dirisha la tiketi lilikuwa na tundu la mviringo kwenye kioo, limetobolewa usawa wa kifua, hata mtu mrefu akitaka kusafiri ilibidi ainame kama anaomba msamaha. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo. Moshi uliingia kila mahali. Wanawake wa nyumba za jirani waliijua ratiba ya treni kuliko sisi, kwa sababu hakuna aliyeanika shuka nyeupe kabla ya treni ya saa nne kupita.

Nilifanya kazi pale miaka sita, nikipanda polepole kutoka ufagio hadi mizigo, kutoka mizigo hadi tiketi, mpaka siku moja nikaitwa msaidizi wa stesheni masta. Nikapewa koti lenye vifungo vya shaba, na kofia. Kofia ilikuwa kubwa kuliko kichwa changu, nikajaza gazeti ndani ikakaa. Kutoka kazini kwenda nyumbani ni mwendo wa dakika saba. Nikiwa na ile kofia nilitumia dakika arobaini, maana nilipitia sokoni, nikazunguka shuleni, nikarudi tena sokoni kana kwamba kuna kitu nimesahau.

Sasa, treni za mvuke zilikuwa zinatema cheche. Cheche ikitua kwenye nguo, hata kabla hujahisi joto, tayari una tundu. Kwa hiyo sote wa reli tulikuwa watu wa viraka, na viraka vyetu vyote vilishonwa na mtu mmoja, binti aliyekuwa na cherehani barazani kwao, kwenye stesheni iliyofuata baada ya yetu. Baraza lile lilitazama reli moja kwa moja. Nilikwenda kwake siku ya mapumziko na suruali yangu ya kazi ndani ya mfuko.

Akaitandaza magotini, akaingiza kidole kwenye tundu. "Hili limetokana na nini?"

"Cheche za treni."

"Cheche zinatua nyuma?"

"Nilikuwa nimeipa mgongo."

"Ulikuwa unaikimbia," akasema, akauma uzi.

Ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha. Si kwa aibu tu. Kulikuwa na kitu katika namna alivyouma ule uzi bila kunitazama, nikajiona kama mtu aliyesomwa mpaka ukurasa wa mwisho na bado hajafungwa.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtumishi mwenye bidii ya ajabu. Treni ikiingia, mimi nipo pale pale cheche zinapodondoka. Nilichoma suruali nne kwa mwezi mmoja. Mzee Dakika akanitazama siku moja juu ya miwani yake akasema, "Wewe unaungua kuliko makaa." Na kila nilipofika barazani kwa yule fundi, maneno yote niliyoyapanga njiani yalikauka. Niliweka suruali, nikasema "Tundu," nikaondoka. Suruali ya nne sikwenda hata kuichukua. Nilishindwa.

Nikaamua kuandika barua.

Niliiandika wiki nzima, katikati ya treni na treni, kwenye karatasi za ofisi zenye nembo ya reli juu, nikiamini nembo itanipa uzito. Ikafika kurasa nne. Sikuwahi kuandikiwa barua ya mapenzi, wala kuiona ya mwingine, kwa hiyo niliandika kwa vitu nilivyovijua. Nikamwambia moyo wangu unachemka kama boila. Nikamwambia yeye ni tangi langu la maji katika safari ndefu. Nikamwambia presha imepanda, na asipoifungua atanipasua, kwa maana yeye ndiye valvu yangu. Niliisoma tena nikaona imeshiba.

Mpango wangu ulikuwa nimpe gadi wa treni ya kawaida, ile ya mchana inayosimama kila mahali, amfikishie. Lakini kabla yake, saa nne asubuhi, kulikuwa na treni ya haraka, ambayo haikusimama kwetu.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi. Reli yetu ilikuwa njia moja tu, treni za kwenda na za kurudi zote juu yake. Ili zisikutane uso kwa uso, kulikuwa na kisahani cha shaba, mduara wa kutosha kwenye kiganja. Treni isiyo nacho haikuruhusiwa kuingia kwenye kipande cha njia kati yetu na stesheni ya mbele, na mashine yetu ya visahani haikutoa kingine mpaka kile cha kwanza kifike kule. Kisahani kiliwekwa kwenye mfuko wa ngozi, na mfuko ulifungwa kwenye pete kubwa ya waya. Treni ya haraka ikipita, msaidizi anainua pete juu, dereva ananyoosha mkono na kuidaka. Lazima afungue mfuko atazame. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri.

Asubuhi ile kisahani kilikuwa mezani kwangu. Barua nayo ilikuwa mezani, nimeikunja ndogo, imekaza. Simu ikalia. Mzee Dakika akapaza sauti kutoka chumba cha pili, "Haraka inaingia!" Nikashika kimoja nikakitia kwenye mfuko wa ngozi, nikashika kingine nikakitia mfuko wa koti, upande wa moyo, nikatoka mbio. Njiani nikajipapasa kifuani kuhakikisha barua ipo. Niliigusa ikawa ngumu na nzito. Nikafikiri ni uzito wa maneno.

Dereva wa siku ile tulimwita Mkono Mrefu kwa sababu hakuwahi kuikosa pete. Alikuja na moshi wake, nusu ya mwili nje, nami nikainua pete kwa mtindo. Akainyakua. Nikapiga saluti. Nakwambia ukweli, ilikuwa moja ya makabidhiano yangu bora.

Kisha tukasikia filimbi ndefu, halafu breki, halafu mabehewa yakigongana moja baada ya jingine. Treni ya haraka ikasimama kule kwenye kona, mbali kama kilomita moja.

Mzee Dakika akatoka, akatazama saa ya mkononi, akatoa ya mfukoni akaitazama nayo. "Imesimama kwa nini?"

"Labda ng'ombe, mzee," nikasema, nikatia mkono mfukoni kutafuta leso.

Nikatoa kisahani cha shaba.

Mzee akakitazama kisahani. Mimi nikakitazama kisahani.

"Kama hiki kiko hapa," akasema taratibu, "kule kwenye mfuko kuna nini?"

"Barua, mzee."

"Barua ya ofisi?"

"Karatasi ni ya ofisi, mzee."

Akafumba macho. "Kimbia."

Kama hujawahi kukimbia juu ya mataruma, yale magogo yanayolalia chini ya reli, usijaribu. Yamepangwa kwa hesabu ya treni, si ya binadamu. Ukikanyaga kila moja unaenda kama bata, ukiruka moja unapasuka msamba. Nilikimbia kwa njia zote mbili. Katikati ya safari kofia ikaanguka, gazeti likatoka ndani yake likapeperuka ukurasa kwa ukurasa. Abiria walikuwa wamejaa madirishani. Wengine wakaanza kunishangilia, na mmoja akapiga mluzi.

Nilipokaribia nikaelewa kwa nini wanacheka. Mkono Mrefu hakuwa na miwani, na alitaka kujua amekabidhiwa nini, kwa hiyo alimwita gadi aje amsomee. Yule gadi masikio yake yaliliwa zamani na filimbi, kila alichosema alikisema kana kwamba anamwita mtu wa behewa la mwisho. Nilikuwa bado mabehewa mawili nyuma niliposikia maneno yangu mwenyewe yakivuma hewani: "NA WEWE NDIWE VALVU YANGU!"

Behewa la kwanza lilipiga makofi.

Mama mmoja akachungulia dirishani, kikapu kifuani. "Ni wewe uliyeandika?"

Nilikuwa sina pumzi ya kukana.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Ila ungeanza kwa kumwambia wewe ni mtoto wa nani."

"Valvu!" akasema bwana mmoja wa dirisha la pili. "Hicho ni kitu cha kumwambia mwanamke?"

Nikamfikia Mkono Mrefu, nikanyoosha kisahani kwa mkono mmoja, na mwingine nikautandaza kuomba barua yangu. Akachukua kisahani, akakitia kwenye mfuko wa ngozi. Barua hakunipa.

"Inakwenda kwa nani?" akauliza.

"IMEANDIKWA JUU," akasema gadi. "KWA FUNDI WA CHEREHANI, STESHENI YA MBELE."

"Aa, yule wa barazani!" Mkono Mrefu akacheka mpaka mafuta yakamng'aa mashavuni. "Basi pale hatusimami, lakini kwa ajili yako nitapunguza mwendo."

Wakaondoka nayo. Nikabaki katikati ya reli, kisha nikarudi kuokota kofia.

Treni ilichelewa dakika kumi na saba. Kwa mzee aliyevaa saa mbili, ni kama nilikuwa nimemwibia mtoto. Akaniamuru niandike maelezo ya kupeleka makao makuu. Nikaandika kwamba kisahani kilichanganyika na karatasi nyingine, nikasaini. Akaisoma karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Kwa fundi kurasa nne," akasema, "kwa makao makuu mistari miwili."

Nikavuliwa kofia kwa miezi mitatu, nikarudishwa dirisha la tiketi. Nilikaa mle kichwa wazi, na kila abiria aliyeinama kwenye lile tundu alikuwa na tabasamu. Wafanyakazi wenzangu hawakuniita tena kwa jina. Nikawa Valvu.

Siku ya tatu, foleni ikiwa ndefu, uso ulioinama kwenye tundu ulikuwa wake.

"Wewe," akasema.

"Karibu, dada. Unakwenda wapi?" Ilinitoka kwa mazoea.

"Siendi popote. Nimeshafika."

Akapitisha vitu vitatu chini ya kioo. Cha kwanza barua yangu, imekunjamana. Cha pili bonge la makaa, kwa kuwa Mkono Mrefu aliifungia barua kwenye makaa ndipo akairusha. Cha tatu shati jeupe la mteja, na katikati ya kifua doa jeusi la ukubwa wa sahani.

"Imetua hapa," akasema. "Nimelifua mara tano. Sasa nisomee."

"Nikusomee?"

"Barua yangu imesomwa na dereva, gadi, na behewa zima kabla mimi sijaiona. Aliyeiandika ndiye peke yake sijamsikia."

"Lakini, dada, kuna watu kwenye foleni."

"Treni nzima imesikia. Foleni imekosa nini?"

Foleni ilikubaliana naye. Nikaifungua barua. Nilisoma "Moyo wangu unach..." sauti ikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikajaribu tena, ikatoka nyembamba, ya kuku.

"Na hapa ukurasa wa pili sijaelewa," akasema, kidole chake kikipita chini ya kioo. "Mimi ni tangi au ni valvu? Chagua moja."

Nikaiweka barua chini. Nilijua sina tena cha kupoteza, hata kofia hawakuniachia. Nikasema kile ambacho ningepaswa kukisema tangu siku ya kwanza, lakini kwa haraka nikakisema vibaya:

"Nilitaka tu kukuuliza kama siku moja naweza kuja barazani kwenu bila suruali."

Kisha bwana wa pili kwenye foleni akaketi juu ya sanduku lake akashika tumbo. Nikajaribu kueleza, kwamba nina maana bila suruali ya kushona, yaani nije mikono mitupu, nije tu kama mtu, na kila neno lilizidi kuharibu. Yeye akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na hakuweza kuacha.

"Njoo," akasema alipopata pumzi, machozi yakimtoka. "Ila uje umeivaa."

Nilikwenda. Nilikwenda siku nyingi, na suruali zangu zote zikiwa nzima. Mwaka uliofuata tulioana. Baba alitoa nyama ya karamu, na kwa heshima yangu aliikatia uani, mlango ukiwa umefungwa. Mkono Mrefu alialikwa, akaja na gadi wake, naye gadi akaombwa na wazee, kwa adabu, asitoe hotuba.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo nilipata akili. Miaka ilikwenda, Mzee Dakika akastaafu, mimi nikakaa kwenye kiti chake, na siku moja tukaambiwa treni za mvuke zinaondolewa, zinakuja za dizeli. Nililia, bwana. Nilipanga na wenzangu sherehe ya kuliaga garimoshi la mwisho, nikaandika hotuba, nikaifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Wiki mbili nzima chakula chetu cha jioni kilikuwa hotuba ile. Mke wangu alikaa kwenye cherehani yake, mikono magotini, ananisikiliza.

"Unaionaje?" nikamuuliza.

"Nzuri," akasema. "Unalilia chuma vizuri sana. Umeona lakini kwamba mimi sina kazi?"

Nikatazama. Kapu la nguo za kushona lilikuwa tupu. Dizeli hazitemi cheche. Wale wateja wake wa miaka yote, madereva, magadi, wachochea moto, hakuna aliyekuwa na tundu tena. Nilikuwa nimepita kando ya kapu lile kila siku, nikitafuta neno la kupamba hotuba yangu, na sikuliona. Katika mambo yote niliyoyafanya ya kijinga, na umeshayasikia mengine, lile ndilo peke yake sisimulii kwa kucheka.

Hotuba sikuitoa. Garimoshi la mwisho lilipoondoka nilipeperusha bendera tu, na siku ya mapumziko iliyofuata nikazunguka naye shule kwa shule, mimi nimebeba bahasha ya vipande vya vitambaa, yeye anazungumza na walimu wakuu. Shule ya kwanza nilitaka kumsaidia kuongea. Alinikanyaga mguu. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa na cherehani tatu na mafundi wawili, anashona sare za shule nne, na mimi jioni nikitoka kazini nilikuwa mpiga pasi wake. Alisema napiga pasi kama mtu anayekagua madirisha.

Nimestaafu sasa, na stesheni bado ipo, imepakwa rangi. Jumapili iliyopita tulikwenda kumpokea binti yetu. Nilivaa koti langu la zamani, nikaketi kwenye benchi, nikatazama saa, na treni ilipochelewa dakika tisa nikaenda kumwona binti wa tiketi. Nikamweleza, kwa upole lakini kwa kirefu, jinsi sisi tulivyofanya kazi, nini maana ya dakika, na kwamba ingekuwa zamani mtu angetoa maelezo kwa maandishi.

"Ndiyo, babu," akawa anaitikia. "Ndiyo, babu." Nilipomaliza akasema, "Lakini babu, siku hizi Jumapili hiyo treni haiji."

Nikarudi kwenye benchi. Mke wangu alikuwa anamimina chai kutoka kwenye chupa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu nyumbani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umependeza."

Tukakaa, tukanywa chai yote, kisha tukarudi nyumbani, tukamkuta binti yetu ameketi juu ya begi lake mlangoni, amekuja kwa basi tangu saa tatu.